Kisanskriti cha kujifunzia nyumbani: kitabu cha bure, steshenari ya mjini na karatasi ya risiti

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka aondoke nazo. Kitabu nampa nne kati ya tano. Steshenari moja na nusu, na hiyo nusu ni ya yule kijana kwa sababu alinichekesha. App niliyolipia sifuri, ningekuwa na namna ya kuweka chini ya sifuri ningeweka. Na mzee wangu wa dukani hana nyota maana yeye siyo bidhaa, ila bila yeye yote haya yangekuwa karatasi za kufungia maandazi.

Mi nafanya kazi ya stoo kwenye duka la spea za pikipiki hapa Mwanza mjini, mitaa ile ya mahekalu na misikiti karibu na Temple. Wenye duka ni Wahindu, Wahindu kweli kwa dini, maana huku kwetu kila mwenye asili ya kule tunamwita Mhindi hata akiwa Muislamu. Kila asubuhi kabla droo ya hela haijafunguliwa mzee anawasha udi, anasimama mbele ya picha, anaimba maneno yake dakika kumi hivi, ndio biashara inaanza. Nimeyasikia miaka minne. Mpaka mengine nikawa nayaimba nikiwa nahesabu plagi bila kujua nasema nini, ndio siku moja nikamuuliza, shikamoo mzee, hivi haya maneno maana yake nini. Akasema marahaba binti, ukiniuliza kwa ujumla nitakwambia, ukiniuliza neno kwa neno nitakudanganya, mimi nimeyashika kwa marehemu mama yangu nikiwa mtoto.

Nikamuelewa sana. Bibi yangu kule Bukumbi alikuwa na Baba Yetu ya Kilatini mwanzo mpaka mwisho na hajui hata neno moja linasimama wapi.

Basi nikaamua nitakijua mwenyewe hicho Kisanskriti, lugha ya zamani ya India ambayo maneno ya mzee yametoka. Na niwaambie mapema maana jirani zangu Nyegezi walishaanza minong'ono, sijabadili dini, Jumapili nipo kwenye benchi langu kama kawaida, nilitaka tu kusoma Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa maneno yake yenyewe. Ni beti 700 tu katika sura 18, nikajisemea beti 700 si kitu, watu wanakariri zaidi ya hizo za bongofleva.

App kwanza, niimalize haraka. Jina silitaji. Wiki ya kwanza bure, ya pili wakakata hela bila hodi, na kuifuta ile subskripsheni ikawa ni safari. Ilikuwa inanifundisha "mvulana anakula tufaha" na "tufaha ni jekundu". Jamani. Huku kwetu tufaha tunaliona mtu akilazwa Bugando, na mimi ninachotaka ni kujua ndani ya Gita shujaa Arjuna alimwambia nini mungu Krishna, tufaha linaingiaje. Wiki tatu nimemaliza najua matunda sita na sijui herufi hata nusu, nikaachana nayo.

Sasa kitabu. Kinaitwa A Practical Sanskrit Introductory, kaandika Charles Wikner mwaka 1996, kiko mtandaoni bure, unadanlodi PDF na bando la mia tano linatosha na chenji inabaki. Kilichonivutia ni kwamba hakikudanganyi. Mwanzoni tu anasema masomo yake 15 yanamlenga mtu asiyejua Kisanskriti kabisa, na kwamba shabaha ni kumfikisha pale anapoweza kuitumia kamusi ya Monier-Williams, ya Kisanskriti kwa Kiingereza, kusoma maandiko matakatifu. Basi. Hakuahidi utaongea kama mto ndani ya siku thelathini, hakuahidi utakuwa padri wao. Anakupeleka mpaka mlango wa kamusi halafu anakuachia funguo, na kwa mtu kama mimi asiyetaka kuagiza chai kwa Kisanskriti hiyo ndio hasa niliyoitaka. Masomo matano ya kwanza kazi kubwa ni herufi na matamshi, matano mazima! Nilikasirika mwanzoni, leo namshukuru.

Ila kusoma sarufi kwenye simu yenye kioo kilichopasuka ni adhabu, nikapeleka flashi steshenari. Hapa ndio moja na nusu yangu inatoka. Kijana akachomeka, PDF ikagoma kwenye ile kompyuta yake ya zamani, bila kuniuliza akaihamishia kwenye Word. Akatoa kurasa tatu za mwanzo akaziangalia, akaniuliza, dada hiki ni Kiarabu? Nikamwambia hapana, Kisanskriti. Cha wapi hicho? Cha India, cha zamani. Akageuza karatasi juu chini, akageuza tena, akasema mbona kama wameanika nguo kwenye kamba. Nilicheka mpaka nikasahau kukagua. Na kweli Devanagari, yaani mwandiko wa Kisanskriti, iko hivyo, kuna mstari juu na herufi zinaning'inia chini yake kama soksi.

Kufika nyumbani ndio nagundua. Yale maneno ya Kisanskriti yaliyoandikwa kwa herufi zetu za kilatini yana vidoti chini ya herufi na vimstari juu, na Word ilikuwa imevigeuza vyote viboksi. Utasema vidoti tu. Si vidoti tu bana! Kisanskriti bala fupi ni nguvu, baala ndefu ni mtoto. Svajana ni ndugu zako wa damu na shvajana ni mambo ya mbwa, na ile sh yao kwenye maandishi ni s yenye kialama juu, sasa kialama kikigeuka kiboksi unafika sura ya kwanza pale Arjuna anapowaona ndugu zake wamejipanga upande wa pili anaishiwa nguvu, wewe unasoma kaona mbwa. Nimelipa shilingi mia kwa kila ukurasa, na spairo juu yake, elfu ishirini na kitu imeenda, nikarudi kesho yake wakaniambia mashine haina tatizo, tatizo faili langu. Nikaenda sehemu nyingine nikaprinti upya moja kwa moja kutoka kwenye PDF, ikatoka safi. Zile za viboksi bado ninazo, mwanangu anachorea.

Turudi kwenye kitabu maana hapa ndipo penye nyama. Wikner anaelezea matamshi kwa sehemu za mdomo, anakupanga konsonanti 25 kwenye meza ya tano kwa tano, unaanzia kooni, kaakaani, ulimi ukikunjwa juu, menoni, unaishia midomoni, na kila safu ina sauti kavu, sauti yenye pumzi, yenye mtetemo, yenye mtetemo na pumzi, ya puani. Ni meza nzuri mno, ukiielewa hiyo nusu ya kazi imeisha. Shida ni mifano, mifano yake ni ya Kiingereza cha Uingereza, kile cha kwenye redio. Na sisi tunaingia kwenye mtego ambao Mwingereza haingii.

Mtego wenyewe huu. Tukiona dh tunasoma ya dhahabu. Tukiona th, ya thamani. Kh ya kheri, gh ya ghali. Zote nne ni makosa! Dharma, lile neno lao la wajibu na haki, haina dh ya dhahabu hata kidogo, ni d ya kawaida halafu unaisukuma na pumzi. Mi nilisoma dharma ya dhahabu wiki mbili nzima peke yangu chumbani kwa kujiamini kabisa, nikaenda kumsomea mzee. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Halafu akachana karatasi ya risiti, akaishika mbele ya mdomo wangu kama sentimita tano, akasema binti sema da. Nikasema da, karatasi ikatulia. Sema dha. Nikasema dha ya dhahabu, karatasi ikatulia vilevile. Akaishika mbele ya mdomo wake mwenyewe akasema dha, karatasi ikaruka. Ba, imetulia. Bha, imeruka. Wateja wamesimama kaunta wanasubiri bearing, sisi tunapulizia karatasi. Siku ile nimejifunza sauti kumi kwa risiti moja, na hakuna kitabu wala app iliyokuwa imenipa hiyo.

Baadaye nikakumbuka shangazi mmoja wa Mombasa aliyeolewa huku, yeye paa la nyumba na p'aa yule mnyama anayatofautisha kwa pumzi hivyohivyo, watu wa Kimvita wanayo hiyo kitu tangu zamani. Kwahiyo kama una asili ya pwani ya kaskazini una mtaji. Na sisi wa huku tuna wetu pia. Ile ng ya kooni inayowatesa wageni, kwetu ni ng' tu, na mtu anayeitamka Ng'wanza kwa jina lake la Kisukuma atapata shida gani? Ny ipo. Irabu fupi na ndefu Kisukuma kinazo. Sauti moja tu ndiyo iliyonitoa jasho, zile t na d za kukunja ulimi, hizo mpaka leo nadhani naongopa.

Halafu mzee naye si kitabu, muwe na hilo. Kitabu kinasema ile r ya Krishna ni irabu, mzee anasema ru, Krushna, na watu wengi wa Kigujarati wanasema hivyo. Jnaana, yaani maarifa, yeye anaita gnaan. Na ile a ya mwisho mara nyingi anaimeza, Raama inakuwa Raam. Nilikuwa nataka kujua nani yuko sahihi, nikaacha, nikawa nasoma kama kitabu na kuimba kama mzee.

Sasa sandhi. Kila mtu atakutisha na sandhi. Ukitafuta maoni ya waliojaribu kujifunza wenyewe wengi wameangukia hapo, maneno mawili yakikutana sauti zinayeyuka na kuungana mpaka huoni neno moja linaishia wapi, na Wikner anakupangia yote kwenye majedwali masomo ya kumi na kumi na moja. Niliyaangalia yale majedwali jioni moja nimekaa kwenye mawe kule Capri Point, upepo wa ziwa unanipeperushia kurasa, nikataka kulia.

Halafu nikaona mfano mmoja, na + iti inakuwa neti. A na i zimekuwa e. Nikasema subiri kwanza. Ma + ino si ndio meno? Ma + iko, meko. Wa + izi, wezi! Hatusemi maino, hatusemi waizi, a ikikutana na i sisi wenyewe tunatoa e kila siku na hakuna aliyetufundisha jedwali. Nikaendelea. Iti + aadi inakuwa ityaadi, i imegeuka y. Vi + ombo, vyombo. Su + aagatam inakuwa svaagatam, ndio karibu yao hiyo, u imegeuka v. Mu + ana, mwana. Nilikaa pale mpaka giza. Yaani kitu wanachokiita kigumu kuliko vyote, robo yake ninayo mdomoni tangu naanza kuongea, ila kwa sababu kitabu kimeandikwa kwa ajili ya mtu wa Kiingereza hakina namna ya kuniambia, yeye anadhani nakutana nayo mara ya kwanza. Nyota iliyopungua ni hiyo. Si kosa la mwandishi, hakuandika akiwa na mtu wa Nyegezi kichwani, ila ukikisoma kwa akili ya Kiingereza utateseka bure, kisome kwa Kiswahili, kila kanuni ulizia kwanza kama huna ndugu yake nyumbani.

Nisizidishe chumvi, sandhi nyingine hazina ndugu wala jirani. Zile za h ya mwisho, inayogeuka s, mara sh, mara r, mara o, mara inapotea, hizo kaza tu.

Ila msianze kuokota kila kinachofanana mkadhani ni undugu. Simba kwao ni simha, na rafiki yangu mmoja alishaanza kunihubiria kwamba Wasukuma walitoka India. Simba yetu ni ya Kibantu, imefanana tu. Za kweli zipo lakini, pilipili ilianzia kwenye pippali, sukari kwenye sharkaraa, laki kwenye laksha, hata bangi jamani, bhangaa. Zimepita mikono ya Waajemi na Waarabu na wafanyabiashara wa Kihindi mpaka zikafika huku kwenye gunia.

Kamusi. Monier-Williams ya mwaka 1899, zaidi ya kurasa 1,300, Chuo Kikuu cha Cologne Ujerumani wameiweka mtandaoni bure unatafuta hata kwa simu. Masomo matatu mazima ya Wikner ni ya kukufundisha kuifungua tu na mwanzoni nilisema huyu baba ananipotezea muda. Mpaka nilipojaribu. Ni kama kumpa mgeni kamusi ya Kiswahili atafute "walipokutanishwa", ataenda kwenye W, atakaa huko mpaka kesho, hajui kwamba anatakiwa avue nguo zote za mbele na nyuma afike kwenye kuta. Kwao ni hivyohivyo.

Niwaonyeshe ubeti wa kwanza wa Gita, wangu wa kwanza pia, simu yangu haina vidoti mnisamehe:

dharmakshetre kurukshetre samavetaa yuyutsavah
maamakaah paandavaashchaiva kim akurvata sanjaya

Huu umenichukua siku tisa. Kshetre, ile e ya mwisho ni kama "-ni" yetu ya mahali, uwanja, uwanjani, yaani uwanjani pa dharma, uwanjani pa ukoo wa Kuru. Samavetaa, unavua sam, unavua ava, unabaki na i, herufi moja, ndio mzizi, maana yake kwenda, wameendeana pamoja, wamekusanyika. Yuyutsavah wenye hamu ya kupigana. Maamakaah, wa kwangu. Paandavaashchaiva ni maneno matatu yamekumbatiana, paandavaah, cha, eva, wana wa Pandu nao pia. Kim akurvata, walifanya nini, na ile a ya mbele ya akurvata ndiyo li yao ya wakati uliopita, ukiivua utafika kwenye mzizi wa kufanya. Ee Sanjaya. Anayeuliza ni mfalme kipofu Dhritarashtra, watoto wake wako vitani na haoni, anamuuliza msaidizi wake amsimulie. Neno hilo "wa kwangu" nilikuwa nimelipita kwenye tafsiri bila kulisikia. Baba kipofu anagawa watu, wa kwangu, na wale wa mdogo wangu. Ugomvi wote wa kitabu umeshasemwa pale.

Halafu hesabu mizani. Dha-rma-kshe-tre ku-ru-kshe-tre, nane. Sa-ma-ve-taa yu-yu-tsa-vah, nane. Nane na nane, mstari wa kumi na sita, ni ukwapi na utao wa shairi letu kabisa! Vina tu ndio hawana. Nilimwimbia mama mmoja jirani anayependa mashairi, kwa mahadhi ya shairi la redioni, akaniuliza hilo la Kimanga au la Kingazija.

Kwa mwenye nia, mambo mawili matatu. Kitabu kinatosha kufika kwenye kamusi ila sarufi utahitaji nyongeza, Kisanskriti kina umoja, uwili na wingi, kina vibhakti, yaani miisho ya jina kufuatana na kazi yake kwenye sentensi, saba na ya kuita juu yake, kwahiyo jina moja linabeba sura ishirini na kitu na Wikner hajakusudia kukupa zote. Hakina sauti, tafuta mtu mwenye karatasi ya risiti. Ukitaka Veda zenyewe, yale maandiko yao ya kale zaidi, kama Rigveda na zile tenzi zake 1,028 jua kwamba lugha yake ni ya zamani zaidi, hii tunayojifunza ni ile iliyowekewa kanuni na Panini, mwanasarufi wao wa kale, anza na Gita. Muda, mimi ni nusu saa asubuhi kwenye daladala kabla ya Igogo haijajaa watu, na usiku kama umeme upo. Miezi kumi na moja sasa. Na steshenari, mwambie kijana aprinti kutoka kwenye PDF hiyohiyo, simama hapohapo, angalia ukurasa wa kwanza kama vidoti vipo ndio utoe hela.

Nimefika ubeti wa 16 wa sura ya kwanza. Nilidhani ningekuwa nimeshafika kwenye hekima, kumbe kwanza majeshi yanapanga foleni, kila shujaa anatajwa, halafu kila mmoja anapuliza kome lake kama baragumu na kila kome lina jina lake, Paanchajanya, Devadatta, Paundra, lote natafuta kwenye kamusi. Mzee kila asubuhi akishazima kiberiti ananiuliza, binti, bado wanapuliza? Namwambia bado mzee.